Maji ya Sabaki na Misitu Yetu: Nani Mlinzi Wake?

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, somo letu la safari hii lahusu kitu ambacho kila mmoja wetu hukitia mkononi mara tano kwa siku, nacho ni maji. Katika vitabu vya fiqhi mlango wa kwanza ni mlango wa tohara, na tohara huanza kwa maji. Mwanafunzi hufunzwa maji yafaayo kutawadhia na yasiyofaa, machache na mengi, yaliyo safi na yaliyoingiwa na najisi. Lakini liko suala moja ambalo husahauliwa kitabu kikiisha kufungwa: maji haya yatoka wapi, na ni nani ayalindaye huko yatokako?

Mtu wa Malindi akiulizwa hayo atajibu kwamba maji yatoka kwenye mfereji. Hilo ni jibu la mtoto. Mtu mzima, khasa mtu wa darasa, yampasa ajue zaidi, kwani asiyejua asili ya neema hawezi kuishukuru ipasavyo, wala hawezi kutambua siku inapoanza kuondoka.

Katika somo hili twataka kuthibitisha jambo moja: kwamba mto na msitu havihifadhiki kwa amri ya serikali peke yake, wala kwa askari, wala kwa hotuba. Mlinzi wake wa kweli ni jirani yake, akiwa amepewa haki, fungu na kanuni. Na sisi watu wa mjini, tusioishi kando ya mto wala msitu, tu wadeni wa jirani huyo.

1. Mto na njia yake

Maji yanywewayo Malindi, Watamu na Kilifi, na sehemu ya yale yanywewayo Mombasa, hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, bara ya mji wa Malindi. Hapo maji hayatekwi juu ya mto, bali huvutwa kwa visima vilivyochimbwa katika mchanga wa bonde la mto. Mchanga ule ndio chujio letu na ndio ghala letu, kwani huhifadhi maji hata mto unapopungua wakati wa kiangazi. Mto ukiharibika, miji yote hii huona kiu kwa pamoja, tajiri na maskini.

Na Sabaki si mto wa Malindi peke yake. Waanzia nyanda za juu za karibu na Nairobi, ukiitwa Athi. Wapita katika nchi ya Wakamba. Ukiisha kukutana na mto Tsavo huitwa Galana. Na ukikaribia pwani huitwa Sabaki, kisha huingia baharini kaskazini ya Malindi, baina ya mji huo na Mambrui. Ni mto wa pili kwa urefu katika Kenya baada ya Tana, na nchi imwagayo maji yake ndani yake ni kiasi cha kilomita za mraba 70,000. Basi uchafu utupwao katika mito ya Nairobi, na udongo uchukuliwao na mvua katika mashamba na malisho ya bara, vyote njia yake ni moja, na mwisho wake ni kwetu.

Kila mpitaji wa daraja la Sabaki wakati wa mvua huona maji yaliyogeuka rangi ya matofali. Tope hilo huingia katika ghuba ya Malindi, na pepo na mikondo huyapeleka hata kwenye matumbawe, ambayo yamo katika hifadhi ya bahari iliyowekwa mwaka 1968. Ufuo wa mji nao umejaa mchanga hata bahari ikasogea mbali na ilipokuwa ikifika zamani. Watu husema, "Bahari imechafuka." Lakini tope lile ni zaidi ya uchafu: ni shamba la mtu fulani wa bara, lililokuwa likimlisha yeye na watoto wake, na sasa limekuwa dhara kwa mvuvi asiyemjua. Khasara ni moja, nayo imewapata wawili.

2. Msitu na nyumba zetu

Kusini ya mto huo, baina ya Malindi na Kilifi, uko msitu wa Arabuko-Sokoke. Ukubwa wake ni kiasi cha kilomita za mraba 420, nao ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichosalia cha misitu mikavu ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Upande wa mashariki mna msitu wa miti iliyochanganyika, na humo huota mbambakofi; katikati mna mirihi katika mchanga mweupe; na upande wa magharibi, katika ardhi nyekundu, mna kichaka kizito. Wamo viumbe ambao ni adimu mno pengine popote duniani, kama yule sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, na bundi mdogo aitwaye kwa jina la Sokoke.

Hatusemi kwamba msitu huu ndio chemchemi ya Sabaki. Kazi yake ni nyingine. Mvua inyeshapo juu yake, majani na mizizi huizuia isikimbie, ikanywea mchangani, ikaenda chini kwa chini kuelekea baharini. Katika hori ya Mida hakuna mto wowote uingiao, na juu ya hayo mikoko yake hupata maji baridi yatokayo chini ya ardhi. Mikoko ile ndiyo malezi ya samaki na kamba, na samaki ndio kitoweo chetu.

Tazama sasa nyumba zetu. Mlango wa kuchongwa wa mbambakofi, boriti za mikoko zilizobeba dari, kuni za karamu, makaa ya jikoni, na vinyago vya muhuhu viuzwavyo kwa watalii, vyote vilitoka msituni au katika hori. Hakuna mtu wa mjini awezaye kusema kwamba khabari za msitu ni za watu wa mashamba. Msitu tumeuingiza ndani ya nyumba zetu. Tulilolisahau ni kuuliza ulibakia kiasi gani.

Na kama twataka onyo, liko karibu. Pembezoni mwa msitu huo huo yako magofu ya Gede, mji wa Waislamu wenye Msikiti Mkuu, majumba ya mawe, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Mji ule ulihamwa katika karne ya 17. Wachunguzi hutaja sababu kadhaa: vita, kuja kwa makabila kutoka kaskazini, na kugeuka kwa biashara. Lakini James Kirkman, aliyeyachimbua magofu hayo kuanzia mwaka 1948, alitaja na jambo jingine: kisima cha karibu na Msikiti Mkuu kilikuwa kimeongezwa kina, dalili kwamba maji yalishuka. Hatuna haja ya kukata shauri kwamba kiu ndiyo iliyowahamisha. Yatosha kujua kwamba watu wenye elimu, mali na msikiti mzuri walipata kuteremsha kamba za ndoo zao chini zaidi, na kwamba leo pale huishi kima na ndege.

3. Yasemwayo na Sharia

Sharia yetu haikuliacha jambo hili. Tutataja mambo mawili tu, kwa maana yake.

La kwanza ni hukumu ya Mtume (s.a.w.) juu ya mabonde mawili ya Madina, Mahzur na Mudhaynib. Maji ya mvua yalipokuwa yakiteremka, wenye mashamba ya juu na wa chini waligombana. Hukumu ilikuwa kwamba wa juu ayazuie maji mpaka yafike kadiri ya vifundo vya miguu, kisha ayaachilie yamfikie wa chini yake. Zingatia, ewe msomaji: wa juu hakunyimwa haki yake kwa ajili ya wa chini, wala hakuachiliwa achukue atakavyo. Aliwekewa kipimo. Hiyo ndiyo asili ya sheria ya bonde la mto, nayo ni zaidi ya miaka 1,400.

La pili ni hima, yaani ardhi iliyozuiliwa kwa maslaha ya watu wote. Mtume (s.a.w.) aliliweka hima bonde la Naqii kwa farasi wa Waislamu, na Sayyidna Umar (r.a.) akaweka hima katika Rabadha. Imepokewa kwamba Umar alipomweka msimamizi wa hima alimwagiza awe mpole kwa watu, awaruhusu wenye mifugo michache waingie, na ajihadhari na makundi ya mifugo ya matajiri, akiwataja wawili katika masahaba wakubwa kabisa. Sababu aliyoitoa ni ya mtu mwenye kuijua dunia: tajiri, wanyama wake wakifa, atarejea kwenye mitende na mashamba yake, lakini maskini, wake wakifa, atakuja na watoto wake mlangoni kwa mtawala.

Katika mambo haya mawili twapata misingi minne. Kwanza, kipimo: kila mtu achukue kwa kadiri. Pili, fungu la mnyonge lisipotee. Tatu, mkubwa asipendelewe. Nne, awepo msimamizi ajulikanaye, awezaye kuulizwa. Tuichukue misingi hii minne tukaipimie yaliyotokea katika nchi yetu.

4. Msitu uliolindwa dhidi ya jirani

Serikali ya Kiingereza iliutangaza msitu wa Arabuko-Sokoke kuwa msitu wa serikali kwa sheria mwaka 1943. Mipaka ikapigwa, askari wakawekwa. Waliokuwa wakiishi kandokando, wengi wao Wagiriama, wakawa wageni mahali walipokuwa wakipata kuni, dawa, asali na nyama. Jirani akiingia huitwa mwizi. Tembo akitoka akala mahindi ya jirani, hapana wa kumlipa. Serikali huru ikaurithi mpango ule ule. Na huku jirani amekatazwa kijiti, miti mikubwa ya mbambakofi na muhuhu iliendelea kutoka usiku kwa magari, kwenda kwa wenye fedha.

Ukiipima hali hiyo kwa ile misingi minne, waona kwamba yote imegeuzwa juu chini. Basi si ajabu kwamba, watu wa kandokando walipoulizwa na wachunguzi katika miaka ya mwanzo ya 1990, wengi walijibu kwamba wangependa msitu ufyekwe, wapewe ardhi walime. Mtu hawezi kukilinda kitu ambacho kwake ni adha tupu.

Mwaka 1993 ukaanzishwa, katika uwanja wa magofu ya Gede, mradi uitwao Kipepeo, ulio chini ya Makumbusho ya Taifa. Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Mkulima huwakamata vipepeo wachache wa kike msituni, huwaweka katika tundu la wavu wakataga mayai, kisha huwalisha viwavi majani ya miti aliyoipanda mwenyewe. Kiwavi akiisha kujifunga katika kifuko chake, huuzwa, akapelekwa kwa ndege Ulaya na Marekani, ambako watu hulipa kuja kutazama vipepeo wakiruka ndani ya nyumba za vioo. Fedha humrudia mkulima. Mti wa msituni, ambao jana faida yake ilikuwa ni kuukata, leo faida yake ni kusimama. Walipoulizwa tena baada ya miaka michache, maneno ya wenye kufuga vipepeo yalikuwa yamebadilika.

Baadaye yakaongezwa mengine: mizinga ya nyuki, njia ya mbao juu ya matope ya Mida, ambayo mgeni hulipa kuipita, na tangu mwaka 2001, mpango wa kuwalipia karo ya shule ya sekondari watoto wa majirani wa msitu na hori kutokana na fedha za wageni hao. Mzazi akijua kwamba mikoko ndiyo imsomeshayo mwanawe, hahitaji askari wa kumkataza kuikata.

Kisha sheria nayo ikaja nyuma ya vitendo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na ile ya 2016 iliyochukua mahali pake, zimewapa majirani haki ya kuunda jumuiya za misitu, wakafanya mapatano na idara ya misitu juu ya usimamizi na matumizi: kuni zilizoanguka, nyuki, maji, dawa, utalii. Katika Arabuko-Sokoke jumuiya hizo zafuata vituo vitatu vya msitu: Gede, Jilore na Sokoke. Kadhalika sheria za maji za 2002 na 2016 zimewapa watumiaji wa kila kijito na mto haki ya kuunda jumuiya zao. Na Katiba ya mwaka 2010 imeilazimisha serikali kuwashirikisha wananchi katika kuyahifadhi mazingira.

5. Ulinzi wa wazee wa kaya

Lakini tusidhani kwamba ulinzi wa watu wenyewe ulianza kwa sheria hizo. Majirani zetu Wamijikenda walikuwa nao tangu zamani katika kaya zao: Fungo ya Wagiriama, Kauma, Jibana, Kambe, Ribe, Rabai na nyinginezo. Kaya ni kilima au uwanja ambao wazee wao waliishi ndani ya boma la msitu. Na watu walipohama kwenda mashambani, msitu ule ukaachwa chini ya amri ya wazee. Kanuni zake ni kali: hakatwi mti, halishwi mnyama, hatokwi njiani, na mkosaji hutozwa fidia. Matokeo yake yaonekana kwa macho. Unapotazama vilima vya nyuma ya Kilifi, mara nyingi kichaka cheusi cha miti mirefu kilichobaki kati ya mashamba ni kaya.

Ulinzi huo umepitia mitihani. Mwaka 1914, katika vita vya Wagiriama vilivyohusishwa na jina la Mekatilili wa Menza, Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti na kuwaamuru watu wahame kaskazini ya Sabaki. Baadaye wakaja watakao viwanja, mawe na mbao. Tangu mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa yalianza kuziandikisha kaya kuwa makumbusho ya nchi. Mwaka 2008 baadhi yake zikaingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Na mwaka 2009 mila zake zikaandikwa kuwa urithi uhitajio kulindwa kwa haraka. Maana ya neno hilo la "haraka" ni kwamba wazee wanapungua na vijana hawashiki mahali pao.

Huenda msomaji wetu akauliza: kaya ni mahali pa matambiko, vipi karatasi hii yausifu ulinzi wake? Twajibu hivi. Juu ya ibada, dini yetu yajulikana, wala hatuifichi. Lakini mti ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu, na kivuli na maji yake humfikia kila mtu. Mwislamu hakuombwa ashiriki katika tambiko. Ameombwa asikate, asinunue mbao zilizoibwa, wala asikubali hati ya kiwanja kilichomegwa katika kaya. Hiyo ni amana na haki ya jirani, na haki ya jirani haiondolewi na tofauti ya dini. Tena huko Kwale, Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu, wailinda Kaya Kinondo na kuwapokea wageni waitazamao kwa malipo yafaidishayo kijiji.

Na kama watakwa mfano katika vijiji vya Waislamu, uko Gazi, mji uliojulikana zamani kwa Mbaruk bin Rashid. Watu wa Gazi na Makongeni walianzisha mwaka 2013 mpango wauitao Mikoko Pamoja. Wameweka chini ya ulinzi wao hekta 117 za mikoko. Kwa kuwa mikoko huvuta hewa ya kaboni na kuihifadhi katika matope, wako watu wa nchi za mbali walipao ili ihifadhiwe. Fedha hizo husimamiwa na kamati iliyochaguliwa na wanakijiji, zikatumiwa kwa maji na shule. Hapana kitu katika mpango huo ambacho watu wa Mida, Mtwapa au Kilifi hawakiwezi.

6. Wa juu na wa chini

Sasa turudi kwenye mto, kwani mtu atasema: hata tukiulinda msitu wetu, tope la bara tutalizuiaje? Tumejifunza kwamba wa juu na wa chini wana hukumu moja. Na lazima tumfanyie insafu wa juu, kwa sababu amekwisha kutenda mengi.

Katika miaka ya 1930 wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa na watu kiasi cha 240,000, ilisemwa na maofisa wa kikoloni kwamba imekwisha kwa mmomonyoko wa udongo. Kufikia mwaka 1989 watu walikuwa kiasi cha 1,400,000. Kwa hisabu ya maofisa wale nchi ingekuwa jangwa. Kinyume chake, mmomonyoko mashambani ulipungua na mazao yakaongezeka. Kilichofanya hivyo ni matuta, khasa yale yaitwayo kwa Kiswahili "fanya juu", ambayo mkulima huchimba handaki na kuutupa udongo upande wa juu, ukafanya ukingo. Matuta ya kulazimishwa wakati wa ukoloni yalichukiwa. Yaliyodumu ni yale watu waliyoyachimba kwa hiari katika vikundi vya mwethya, ambavyo wengi katika wafanya kazi wake ni wanawake, wakaingia shamba la huyu leo na la yule kesho. Pamoja na hayo wamejenga kuta katika vijito vya msimu, mchanga ukajaa nyuma yake na kuhifadhi maji, kama Baricho ndogo ndogo.

Halafu ikaja balaa ya kuchota mchanga kwa malori kwa ajili ya majumba ya mijini, vijito vikakauka na watu wakauana kwa sababu yake. Jimbo la Makueni likaweka mwaka 2015 sheria yake ya kuuhifadhi mchanga na kuuwekea mipaka uchotaji wake. Bado tope lashuka, kwani bonde ni kubwa na malisho ya nchi kavu hayajatengenea. Lakini lau kwamba wa juu asingalichimba matuta yale, hali ya ghuba yetu ingalikuwa mbaya zaidi. Mpaka leo, ni nani katika sisi aliyempelekea shukrani?

7. Kasoro zisizofichika

Haifai kulifanya somo hili kuwa sifa tupu. Ulinzi wa watu wenyewe una kasoro zake. Fedha za vipepeo na wageni ni chache kulinganisha na idadi ya majirani. Soko la ng'ambo likifungwa, kama ilivyokuwa katika maradhi ya mwaka 2020, mkulima hubaki na viwavi vyake. Mvua ikikosekana, mtu mwenye njaa huchoma makaa, na hapana mawaidha yatakayomshibisha. Tena jumuiya yaweza kutekwa na watu watatu wanne wenye kujua kusoma mapatano, wakagawana faida, na jirani akarejea kuwa mgeni. Hayo ndiyo aliyoyahofia Sayyidna Umar aliposema mifugo ya wakubwa izuiliwe. Dawa yake si kuvunja jumuiya. Dawa ni hisabu kusomwa hadharani, uchaguzi wa wakati wake, na wanawake, ambao ndio watekao maji na waokotao kuni, wawe na sauti barazani.

8. Yatupasayo sisi watu wa mjini

Kwanza, makaa. Kwa tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya makaa huhitaji kilo sita hata kumi za kuni. Kila gunia lipandishwalo ngazi za nyumba zetu ni rundo la miti. Mwenye uwezo wa gesi aitumie; asiye nao atumie jiko lenye kuhifadhi moto; na sote tuulize makaa yatoka wapi kabla ya kuuliza bei. Anunuaye cha wizi, hali akijua, ni mshirika katika wizi.

Pili, mbao. Wakulima wa Kilifi hupanda mvinje, ambao watosha kwa majengo mengi badala ya boriti za mikoko. Wachongaji wa Malindi wameonyesha kwamba mwarobaini uotao nyuani hufaa kwa vinyago badala ya muhuhu. Fundi na mwenye nyumba waagize hivyo.

Tatu, maji ya misikiti yetu. Si adabu mtu kuufungua mfereji wote akatia udhu mmoja kwa maji ya kuogea watu wawili, na mwanamke wa Jilore amebeba ndoo kichwani. Kila msikiti waweza kuwa na mifereji midogo, na maji ya udhu yakaongozwa kwenye miti ya uani.

Nne, wakfu. Wazee wetu waliweka wakfu visima, minazi na mashamba. Hapana kizuizi cha kuweka wakfu shamba la miti ya kuni na kujengea, matunda yake yakawasomesha watoto wa majirani wa msitu, Waislamu na wasio Waislamu. Sadaka hiyo yaendelea kwa muda wote mti uoteapo.

Tano, kuhudhuria. Mikutano ya jumuiya za maji na misitu ni ya wazi, na maoni hutakwa. Mara nyingi viti vya watu wa mjini huwa vitupu. Kisha maji yakikatika siku tatu, twajaa barabarani kulalamika. Wa chini ana haki ya kudai, lakini dai huenda pamoja na mchango.

Haya ndiyo tuliyoyakusudia. Imepokewa mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini, na wa chini wakataka kutoboa tundu sehemu yao ili wapate maji bila ya kuwaudhi wa juu. Wakiachwa, wote huzama. Wakizuiwa, wote huokoka. Katika jahazi la Sabaki, sisi ndio wa chini, na maji twayapata kwa hisani ya wa juu. Tusingoje tundu litobolewe.

Masuala ya kuzungumzwa darasani

(1) Eleza hukumu ya Mahzur, kisha uipime kwa mto Sabaki: kipimo cha "vifundo vya miguu" leo ni kipi, na nani akiwekaye?
(2) Kwa nini matuta ya lazima hayakudumu na ya hiari yakadumu?
(3) Taja vitu vitatu katika nyumba yako vilivyotoka msituni au katika hori, na kipi katika hivyo chaweza kubadilishwa.
(4) Lau mtaa wenu utaweka wakfu wa miti, nani awe msimamizi wake, na hisabu isomwe lini na mbele ya nani?

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kusikia neno wakafuata lililo jema zaidi. Wabillahi tawfiq.